Tarumbeta Nyuma, Wagonjwa Mbele: Niliyojifunza Katika Matembezi ya Uvimbe wa Ubongo

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kutoa jasho lake kwa ajili ya kheri hakosi pa kulitolea. Kuna mbio za kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto, kuna mbio za kupambana na saratani ya mlango wa kizazi, na kila ifikapo Oktoba kuna matembezi ya saratani ya matiti ambayo fulana zake za waridi hujulikana hata na watoto wa shule. Kwa miaka mingi uvimbe kwenye ubongo haukuwa na watu wake. Familia zilizouguza ugonjwa huu zilikutana kwenye mabenchi ya hospitali, zikapeana namba za simu na kusaidiana maji ya kunywa, kisha kila moja ikarudi nyumbani na mgonjwa wake au na msiba wake. Nimekuwa miongoni mwa walioanzisha matembezi madogo ya hisani kwa ajili ya ugonjwa huu, na ningependa kueleza tuliyoyaona humo, kwa sababu wapo wanaofikiria kuanzisha ya kwao katika miji mingine na huniuliza tulianzaje.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa samani pale Keko. Maumivu yake ya kichwa yalianza taratibu, yakimjia alfajiri kabla hajaamka kitandani, kisha yakipungua kadiri jua lilivyopanda, hata mchana akawa anapiga randa na kutania wenzake kama kawaida. Alinunua dawa za maumivu kwenye duka la dawa la mtaani. Yalipozidi alipimwa malaria, akatibiwa taifodi, na alipoanza kutapika asubuhi bila kuhisi kichefuchefu akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Wapo waliosema amerogwa na washindani wa kazi, na waliosema hivyo walikuwa watu wanaompenda, ambao hawakuwa na maelezo mengine ya kumpa mama yetu. Aliyetufungua macho alikuwa mtaalamu wa macho: mdogo wangu alikwenda kwake akilalamika kwamba vipimo vya mbao anaviona viwili viwili, na mtaalamu yule, baada ya kumulika ndani ya jicho na kuona mshipa wa fahamu umevimba kwa sababu ya shinikizo ndani ya fuvu, hakumwandikia miwani. Alimwandikia kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, akasisitiza kifanyike siku hiyohiyo.

Baada ya upasuaji maabara ilithibitisha kuwa ni glioblastoma, ambayo ni saratani inayoongoza miongoni mwa zile zinazoanzia kwenye ubongo wa mtu mzima. Madaktari hawakutuficha. Walitueleza kwamba tiba inayotumika duniani kote, yaani upasuaji, mionzi ya wiki sita na vidonge vya saratani viitwavyo temozolomaidi, ilithibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2005, na kwamba utafiti huo ulipandisha muda wa kati wa kuishi, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa huuvuka, kutoka miezi 12 hadi kama miezi 15 hivi. Nilipoisikia tofauti hiyo niliiona ndogo mno. Baadaye, nilipomwona mdogo wangu akimaliza kutengeneza kitanda cha binti yake ndani ya miezi hiyohiyo, sikuiita ndogo tena.

Alipofariki, wazo la matembezi lilitoka kwa wenzake wa karakana, ambao walitaka kufanya jambo lenye jina lake, nasi wanafamilia tukalipanua liwe la ugonjwa wenyewe. Tuliunda kamati kwa mtindo ambao kila Mtanzania anaufahamu, yaani mtindo wa kamati ya harusi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao vya Jumapili jioni, kundi la simu ambamo ahadi huandikwa na waliotimiza hushukuriwa kwa majina. Nimesikia watu wakilaumu kwamba jamii yetu huchangia sherehe kuliko ugonjwa. Kwa niliyoyaona, watu huchangia pale wanapoombwa kwa utaratibu, wanapojua mwisho wa mchango ni lini, na wanaposomewa hesabu. Harusi ina hayo yote, ilhali mgonjwa mara nyingi huombewa kwa hofu, usiku, kwa ujumbe mmoja uliojaa machozi. Tuliupa ugonjwa utaratibu wa harusi, na watu wakaitikia.

Tarehe haikutusumbua. Tarehe 8 Juni ni Siku ya Uvimbe wa Ubongo Duniani, iliyoanzishwa mwaka 2000 na chama cha Ujerumani chenye makao yake Leipzig, na kwa bahati njema Juni jijini kwetu ni mwezi ambao masika yamekwisha, upepo ni wa kusi, na mgonjwa anaweza kutembea asubuhi bila kuunguzwa na jua. Wenzetu wa Uingereza huadhimisha Machi na Wamarekani Mei, miezi ambayo hapa Dar es Salaam tungekuwa tunawatembeza wagonjwa kwenye madimbwi. Rangi ya ugonjwa huu duniani ni kijivu, na mafundi wa fulana wa Kariakoo walitushauri tuchague rangi inayong'aa zaidi. Tulibaki na kijivu. Ilitusaidia kuliko tulivyotarajia, kwa maana kila mtu aliyeiona fulana yetu aliuliza kwa nini tumevaa rangi iliyopoa namna ile, na swali hilo lilikuwa mlango wa mazungumzo.

Njia ndiyo jambo tulilolifikiria kwa muda mrefu kuliko yote. Tungeweza kufuata barabara ya ufukwe wa Oysterbay kama wengi wafanyavyo, kwani ni pana na ina mandhari. Tuliamua kutembea kutoka Muhimbili hadi Ocean Road. Muhimbili ndipo ilipo MOI, taasisi ambayo watu huijua kwa mifupa, na ndugu wa wagonjwa hushangaa mno wanapoambiwa wampeleke mtu wa kichwa huko, lakini upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu nao hufanyika humo. Ocean Road, katika majengo ya enzi za Wajerumani yanayotazama bahari, ndipo wengi wao huenda kupata mionzi baada ya mshono kupona. Kwa hiyo tulianzia wanakopasuliwa, tukakatiza Upanga, tukavuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, tukaishika barabara ya ufukweni ambayo tangu mwaka 2013 ina jina la Barack Obama, tukaishia wanakopigwa mionzi. Ni kilomita chache tu. Kuna mgonjwa anayekwenda huko Ocean Road kwa siku tano za juma kwa wiki sita mfululizo, akitokea chumba cha ndugu yake Gongo la Mboto, akibadilisha magari, akishuka Kivukoni na kumalizia kwa miguu huku kichwa kikimuuma. Tulitaka mtembeaji aliyezoea mbio za kilomita 21 ajue kwamba kilomita hizi chache zina uzito wake.

Kuhusu fulana, nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu naamini hapo ndipo matembezi yetu yalipopata maana. Mfadhili hutaka mgongo wa fulana, kwani mgongo ndio unaosomwa na picha za magazetini hupigwa kutoka pande zote. Sisi tuliutaka mgongo huohuo kwa ajili ya dalili. Mtu anayetembea hutazama mgongo wa aliye mbele yake kwa saa nzima, na hakuna ubao wa matangazo unaosomwa kwa muda mrefu namna hiyo. Mmoja wa wafadhili aliondoka kwa sababu ya uamuzi huo, wengine wakakubali majina yao yakae kwenye mikono ya fulana. Mgongoni tuliandika, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba aende hospitali mtu mwenye kichwa kinachouma hasa asubuhi na kisichopoa kwa wiki kadhaa, anayetapika asubuhi bila sababu ya tumbo, anayeona vitu viwili viwili au macho yake yanapungua nguvu, aliyepata kifafa kwa mara ya kwanza ukubwani, anayelegea upande mmoja wa mwili, anayeyumba anapotembea, au aliyebadilika usemi na tabia hata watu wake wakamshangaa. Kwa watoto tuliongeza kichwa kinachokua haraka kuliko kawaida na shingo inayopinda upande mmoja bila kuumia.

Wazo hili lina mizizi yake katika kampeni iliyozinduliwa Uingereza mwaka 2011 kwa jina la HeadSmart, ambayo iligawa kadi ndogo za dalili kwa wazazi na kwa madaktari wa kawaida. Kabla ya juhudi hizo, mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo nchini humo alikuwa anachukua muda wa kati wa zaidi ya wiki 14 tangu dalili ya kwanza hadi kugunduliwa. Miaka michache baada ya kampeni, muda huo ulikuwa umeshuka chini ya wiki 7. Haikuwa dawa mpya wala mashine mpya iliyofanya hivyo, ilikuwa kadi inayoingia mfukoni. Niliposoma habari hiyo niliacha kuwasikiliza wanaosema kwamba kuelimisha watu ni kazi ya watu wasio na fedha za kufanya kazi ya kweli.

Daktari aliyekuwa katika kamati yetu alitudhibiti mahali pamoja, nami namshukuru. Alikataa tuandike kwamba maumivu ya kichwa ni dalili ya uvimbe, kwa kuwa idadi kubwa mno ya watu wanaoumwa kichwa hawana uvimbe wowote, na kuwatia hofu watu wa jiji zima ni kuwafanya wakimbie vipimo wasivyovihitaji huku foleni ikimchelewesha anayevihitaji. Alitaka tusisitize muda na mkusanyiko: dalili isiyoondoka, dalili inayozidi, dalili mbili zinazokwenda pamoja. Alitaka pia watu wajue kwamba vimbe nyingi za ubongo si saratani. Meningioma, kwa mfano, huota kwenye utando unaoufunika ubongo, huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi hukua polepole kiasi kwamba ikitolewa yote mgonjwa huendelea na maisha yake. Tulikuwa na mama wa namna hiyo katika matembezi, mfanyabiashara wa vitenge ambaye alifanyiwa upasuaji miaka kadhaa nyuma, na kila aliposema "mimi nilitolewa uvimbe kichwani" watu walimtazama juu hadi chini wakitafuta kilichoharibika. Mwili wake mzima, akitembea kwa kasi kuliko vijana, ulikuwa hotuba ambayo hakuna mgeni rasmi angeweza kuitoa.

Sasa niseme juu ya tarumbeta. Matembezi ya Dar es Salaam bila matarumbeta hayajakamilika, na desturi ni kwamba bendi hutangulia. Tulipokaa na wazazi wa watoto wagonjwa pamoja na wagonjwa wenyewe kupanga siku, walitueleza kwamba kelele za ghafla huwaumiza, kwamba baadhi yao wanatumia dawa za kuzuia kifafa, na kwamba mwili uliopigwa mionzi huchoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Tukaamua wagonjwa watangulie, wao ndio wapange mwendo, na bendi ikae mwisho kabisa, nyuma ya vikundi vya jogingi vya Temeke vilivyokuja na nyimbo zao za mchakamchaka. Kiongozi wa bendi aliniuliza, "Mama, sisi tangu lini tukakaa nyuma?" Nilimpeleka kwa kijana mmoja aliyekaa kwenye kiti chake cha magurudumu akiwa na kovu bichi juu ya sikio, wakazungumza wenyewe bila mimi. Bendi ilikaa nyuma, tena ikapiga kwa sauti ya chini hadi wagonjwa walipofika. Watembeaji wenye nguvu, ambao wamezoea kukimbilia mbele, walijikuta wakilazimika kwenda kwa mwendo wa mtu anayevuta mguu mmoja, na nilisikia wengi wakisema baadaye kwamba hilo ndilo walilolikumbuka.

Hotuba tulizipunguza. Mgeni rasmi alipewa dakika chache na aliziheshimu, kisha kipaza sauti kikapewa wagonjwa na waliouguza. Katika hili nilikuwa nikimfikiria Tessa Jowell, waziri wa zamani wa Uingereza, ambaye Januari 2018 alisimama katika Baraza la Mabwana akiwa na glioblastoma na kuzungumza juu ya ugonjwa wake mwenyewe kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Alifariki Mei mwaka huohuo, na serikali ikaongeza maradufu fedha ilizokuwa imeahidi kwa utafiti wa ugonjwa huu, zikafika pauni milioni 40. Sisi hatukuwa na bunge mbele yetu, tulikuwa na watu waliokaa kwenye majani wakinywa maji. Lakini aliposimama mke wa dereva mmoja na kueleza jinsi mumewe mpole alivyogeuka kuwa mtu wa ghadhabu, na jinsi ndoa ilivyokaribia kuvunjika kabla ya kipimo kuonyesha uvimbe kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, niliona wanawake kadhaa wakitazamana.

Maswali yalikuwa mengi, na ninayaandika baadhi kwa sababu anayeandaa matembezi lazima ajiandae kuyajibu. Lililoulizwa zaidi lilikuwa la simu za mkononi. Daktari alijibu kwamba tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba simu husababisha uvimbe wa ubongo, kwamba mionzi mikali ya aina nyingine inajulikana kuongeza hatari, kwamba familia chache zina urithi unaochangia, na kwamba kwa wagonjwa walio wengi chanzo hakijulikani. Jibu hilo la mwisho liliwapa wagonjwa nafuu ambayo sikuitarajia. Mama mmoja alisema kwamba kwa miaka miwili alikuwa akijilaumu kwa kumpa mwanawe simu ya kuchezea. Lingine lilikuwa la uchawi, na hapo daktari hakumkejeli aliyeuliza. Alisema tu kwamba maombi na dua vinaweza kwenda pamoja na kipimo, mradi kipimo kisisubiri.

Fedha zilizopatikana hazikuwa nyingi kwa viwango vya mbio kubwa za jiji, na kulikuwa na mjadala mrefu juu ya matumizi yake. Wengine walitaka tununue kifaa kikubwa kitakachobandikwa jina. Hoja iliyoshinda ni kwamba fedha kidogo hufanya kazi kubwa pale mgonjwa anapokwama, na mgonjwa wetu hukwama kati ya kuandikiwa kipimo na kukifanya. Mama lishe anayeambiwa akapige MRI hutoka na karatasi yake, hurudi nyumbani kutafuta fedha, na karatasi ile hukaa chini ya godoro hadi siku anapoanguka. Kwa hiyo mfuko wetu hulipia vipimo, na kwa waliokwisha kuanza mionzi hulipia nauli na malazi, kwani hata pale ambapo tiba yenyewe imesamehewa gharama, nauli na chakula havisamehewi na mtu. Hatuwapi ndugu fedha mkononi. Maofisa ustawi wa jamii wa hospitali hutuletea jina la mgonjwa waliyemthibitisha kuwa hana uwezo, nasi tunalipa moja kwa moja kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya hospitali, kisha risiti hubandikwa kwenye kundi la wachangiaji, jina la mgonjwa likiwa limefichwa. Mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu, hubandika hata risiti ya nauli ya bodaboda. Nimesadiki kwamba mchango wa mwaka wa pili hutoka kwenye risiti za mwaka wa kwanza.

Tukio lililonithibitishia thamani ya mgongo wa fulana lilitokea wiki kadhaa baadaye. Kijana wa kikundi kimoja cha jogingi alinipigia, akaniamkia, akaniambia kwamba amekuwa akiivaa fulana yetu mazoezini na shangazi yake, aliyekuwa akifua, alimwomba asimame asome vizuri. Shangazi huyo alikuwa akigonga bega kwenye fremu za milango kwa miezi, akidhani ni uzee. Alipopimwa alikutwa na uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo karibu na makutano ya mishipa ya macho, na uvimbe wa mahali hapo hula uoni wa pembeni kwanza. Alifanyiwa upasuaji, na uoni wake umerudi kwa kiasi kikubwa. Yeye hakuwahi kutembea nasi wala kusikia hotuba yoyote.

Kisa cha shangazi huyo kilituelekeza kwenye jambo tunaloliandaa sasa. Tukitazama nyuma safari za wagonjwa wote tuliowahudumia, karibu kila mmoja alianzia mahali pamoja, kwenye duka la dawa muhimu la mtaa wake, ambako alinunua dawa za maumivu kutoka kwa muuzaji yuleyule, wiki baada ya wiki. Muuzaji huyo ndiye mtu wa afya wa kwanza kumwona, na mara nyingi ndiye pekee anayejua kwamba mtu fulani amenunua dawa za kichwa mara nyingi kupita kiasi. Matembezi yajayo, kabla ya kuwaalika wafadhili au wasanii, barua zetu za kwanza zinakwenda kwa wauzaji wa maduka hayo na kwa matabibu wa zahanati za Temeke, Mbagala na Keko. Watavishwa fulana bila malipo, watatembea safu ya pili, mara tu nyuma ya wagonjwa, na wakifika Ocean Road watakaa na daktari wetu chini ya miti kwa saa moja, kila mmoja akiondoka na kadi za dalili za kuweka juu ya kaunta yake, pembeni ya sanduku la dawa za maumivu.